Babu Asiye na Jina

Mbegu za Proscovia Apendi hukaa juu ya meko. Ni masuke ya mtama yaliyofungwa kwa kamba ya katani na kuning'inizwa penye moshi, ili wadudu wasiyafikie. Fungu la kwanza alipewa na mama yake siku alipoolewa kijijini Kwapa, upande wa Uganda, miaka thelathini na minne iliyopita. Mwaka uleule kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linaloishika mizizi ya mtama na kuinyonya, lilimaliza shamba lote likabakiza mashina kumi na moja. Apendi hakulia. Aliyavuna hayo kumi na moja, akayapanda msimu uliofuata, akachagua tena yaliyostahimili, na tena, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi watu huvuka mpaka wa Malaba kuja kumwomba mbegu. Naye kila Machi, kabla ya mvua, hupeleka kikapu madhabahuni kibarikiwe.

Mjane huyo, mwenyekiti wa umoja wa akina mama kanisani, hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Lakini wiki ile ya kungojea tangazo la tatu, alitishika.

Tangazo lilikuwa la ndoa ya bintiye Shallon, mwalimu wa biolojia, na Clifford wa Busia ya upande wa Kenya. Desturi ni kwamba majina ya wachumba husomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na mwenye pingamizi husimama akalisema. Jumapili mbili zilikuwa zimepita salama. Alhamisi asubuhi Elungat, mzee wa kanisa, alifika uani kwa Apendi, kofia mkononi.

"Karibu kiti, mzee."

"Sikai, Mama Shallon. Nakuja kukwambia wewe kwanza, kwa heshima. Jumapili mimi nasimama."

Apendi aliushika ungo aliokuwa akipepetea, akaacha kupepeta.

"Baba yangu Ekaju tumezika mwezi ya kwanza," Elungat akasema. "Wewe mwenyewe ulipika pale. Sasa mjukuu yangu anatoka shule, anasema mwalimu amefundisha babu yetu alikuwa nyani. Ekaju! Ile mtu alibeba matofali ya kanisa na kichwa yake!"

"Labda mtoto hakusikia vizuri."

"Amesikia. Ameandika mpaka kwa daftari."

Akavaa kofia, akaenda zake. Apendi alibaki akihesabu yatakayofuata: mchungaji atalisimamisha tangazo, mama yake Clifford, ambaye hakosi ibada hata akiwa na homa, atamwita mwanawe faraghani, na harusi itageuka maneno ya sokoni. Hata hivyo, chini ya hofu hizo ilikuwapo nyingine aliyokuwa akiizungukia kama nyoka aliyelala njiani. Je, mtoto bado anamwamini Muumba? Alimsomesha mwenyewe kwa huo mtama, hadi chuo kikuu. Hakuwahi kumwuliza alirudi na nini.

Shallon alikuja Ijumaa jioni. Waliketi jikoni wakipukuchua masuke ya mbegu.

"Sikusema hivyo, Mama. Nilisema binadamu na nyani wana babu mmoja, wa zamani za kale. Darasa lina Wateso, Wasamia na watoto wa ng'ambo ya mpaka. Kwa Kiingereza wangekariri tu, nikawafafanulia kwa Kiswahili. Nilikosa neno jingine."

"Liko neno. Mhenga."

"Nani Kwapa anasema mhenga?"

Apendi akakubali kwa kichwa, kwa maana yeye mwenyewe hulisikia redioni tu. Kwao babu ni mtu uliyemwosha miguu, ukajua kaburi lake liko upande gani wa nyumba.

"Wewe bado unasali?" akauliza, macho yake yakiwa kwenye punje.

Shallon aliangua suke moja kutoka juu ya meko.

"Hili linafanana na alilokupa bibi?"

"Hapana. La mama lilikuwa refu, jeupe, limelegea. Haya yamekaza, tena mekundu."

"Nani aliyaumba?"

"Mungu. Usinichezee."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini miaka yote hii?"

"Nilichagua." Apendi akalichukua lile suke. "Na kayongo lilichagua kabla yangu. Lakini mtama umebaki mtama, Shallon. Haujageuka mbuzi."

"Kwa miaka thelathini na minne, Mama! Vuta subira."

"Nivute mpaka lini?"

"Miaka milioni kadhaa."

"Elungat atakuwa amekwisha kusimama."

Walicheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja. "Nasali," Shallon akasema. "Kila ninapojifunza jinsi kazi ilivyofanyika, namwona Mwenye kazi. Sijaona mahali alipoondoka shambani."

Maneno hayo yalikuwa mazuri; ndiyo maana Apendi hakuyaamini mara moja. Mwalimu ana maneno. Jumamosi nzima, akifunga kikapu, alisumbuliwa na jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza: ikiwa kazi yote ya uumbaji ilikwisha siku ya sita, mbegu hupelekwa madhabahuni kwa ajili gani?

Jumapili Mchungaji Olweny alisoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Benchi likalia. Elungat alikuwa amesimama. Apendi aliona kikapu chake mbele ya madhabahu kikififia kama kitu kilichotiwa majini.

"Mimi nina swali," Elungat akasema. "Mwalimu, hiyo babu yako ya zamani, ana jina?"

Shallon alisimama. "Hana, mzee. Hakuna anayemjua kwa jina. Hata mimi ni babu yangu, na sijui kaburi lake."

"Basi si Ekaju."

"Si Ekaju, mzee. Mzee Ekaju ni babu mwenye jina. Nilikosa neno, na neno langu likawaumiza mkiwa bado na msiba. Nitakuja nyumbani niwaambie mbele ya kaburi."

Elungat alimtazama muda mrefu. "Uje na huyo Clifford," akasema. "Abebe matofali. Kaburi bado kujengwa." Watu wakacheka; akaketi. "Pingamizi sina."

Mchungaji akaendelea na kuombea mbegu. Apendi akapiga magoti. Sala ilipofika mwisho na kanisa zima likaitikia, yeye alifunga kinywa, akatega sikio nyuma yake, benchi la tatu, alipoketi Shallon. Amina zote zikapita kwa pamoja. Kisha ikaja moja iliyochelewa, yenye mkwaruzo wa mtu aliyekuwa akilia, naye akaitambua: sauti aliyoijua tangu ilipokuwa ikijifunza kusema.

Ndipo Apendi akaitikia yake, akiwa wa mwisho.