Tanuru la Wodi ya Wazazi

Nilipoulizwa kama miti ya chemchemi ikatwe, nilisema ikatwe. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, koti langu la mvua bado linachuruzika, na wajumbe wa kamati ya ujenzi wakinitazama. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Shamba lenye miti ile ni la marehemu baba yangu, na chemchemi ile iko bondeni, chini ya migomba yangu mwenyewe. Hapana yangu peke yake ingetosha. Nilisema ikatwe, kisha nikauliza ni nani mwenye chenso, ule msumeno wa mashine.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo. Walinichagua kwa sababu nilifika kidato cha nne na nilifanya kazi ya ukarani wa chai kwa miaka mingi, nikipima majani ya wakulima na kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Kwa watu wetu mwandiko mzuri ni ushahidi wa akili nzuri. Nami niliamini hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa wodi ya wazazi. Zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja tu cha kujifungulia, na mwenye uchungu wa usiku au wa mvua alibebwa hadi barabarani kwenda kutafuta gari la Tukuyu. Kila mtu aliitaka wodi hiyo. Huku kwetu, upande wa Ikuti, jengo la umma huanza na wananchi: kabla serikali haijaleta bati na saruji, kila kaya hufyatua matofali yake. Mwaka ule tulifyatua mwezi wa tisa na wa kumi, wakati wa jua. Wanaume walichimba udongo, wanawake wakateka maji ya kuukandia. Mimi na mke wangu tulifyatua ya kwetu pembeni mwa kiwanja, naye akawa ananicheka kwamba ya kwangu yamepinda kama mgongo wangu. Yalipokauka tuliyapanga marundo, tukayafunika kwa majani ya migomba na vipande vya maturubai, tukisubiri kuyachoma.

Fedha za serikali zilikubaliwa mwezi wa kwanza. Zilikuja na mwongozo, na mimi ndiye niliyeusoma mbele ya mkutano. Ulisema jengo lolote litakalojengwa kwa fedha za umma liwe na madirisha makubwa pande zote mbili, ili mchana pasihitajike taa. Liwe na mifereji ya bati na tangi la kuhifadhi maji ya mvua. Mti wowote ulio karibu na chanzo cha maji usiguswe. Na kuta zisijengwe kwa matofali yaliyochomwa kwa kuni. Zijengwe kwa matofali ya kushindiliwa kwa mashine, yanayokaukia kivulini bila moto.

Nilipofika hapo watu walianza kunong'ona. Mzee mmoja wa rika langu, ambaye tulichunga naye ng'ombe tukiwa watoto, alisimama akiwa ameshika kofia.

"Mwenyekiti, rudia hapo. Yasichomwe?"

"Yasichomwe kwa kuni."

"Sasa haya tuliyofyatua tuyafanyeje? Tuwapelekee hao walioandika yawe zawadi ya Pasaka?"

Watu walicheka. Mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Hata choo changu ni cha tofali la kuchoma. Wajukuu zetu ndio wazaliwe kwenye udongo mbichi?"

Nilikunja karatasi. Moyoni nilikuwa upande wao. Niliona mwongozo ule umeandikwa na watu wasiojua mvua ya Rungwe, watu wanaodhani tofali lisilochomwa litaishi mahali ambapo hata kuni zilizo darini huota ukungu.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, na lilikuja na fundi. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Msasani, pale Tukuyu, Mwislamu ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya nguo. Alileta mashine ya kushindilia matofali nyuma ya pikapu. Kabla hajaishusha, alitembea kwenye marundo yetu, akafunua majani, akachukua tofali moja la pembeni lililoanza kulowa. Alilivunja kwa mikono, akasaga kipande kiganjani, akanusa.

"Udongo mzuri huu, mzee," aliniambia. "Nani kasema umepotea? Tunayaponda haya, tunachekecha, tunachanganya na mchanga na saruji kidogo, tunashindilia upya. Jasho la watu linabaki ukutani."

"Niwaambie watu waponde matofali yao?"

"Wewe ndiye mwenyekiti. Anza na ya kwako, watafuata."

Leo najua kwamba alikuwa amenipa kila kitu nilichohitaji. Matofali yalikuwa pale. Mashine ilikuwa pale. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuinua jembe na kuvunja tofali lake mwenyewe mbele ya wenzake. Lakini kwetu sisi tofali la kaya halikuwa udongo tu. Kila mtu alijua rundo la nani ni lipi, nani alifyatua vizuri na nani alilipua, na kumwambia mtu aponde la kwake ilikuwa kama kumwambia kazi yake haikufaa. Niliogopa kuwa wa kwanza. Nikamwambia fundi aeleze mwenyewe mkutanoni.

Alieleza vizuri, kwa utulivu. Yule mzee wa rika langu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Fundi, mkeo akikupikia ugali ukaiva, unamwambia aurudishe uwe unga?"

Mkutano mzima ulilipuka kwa kicheko. Fundi alitabasamu, akasema, "Ugali umeshaiva, mzee wangu. Haya bado mabichi." Lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu na mimi mwenyekiti nilikuwa nacheka. Nilicheka hadi nikapangusa macho. Baada ya mwenyekiti kucheka, hoja ya fundi ilikuwa imekwisha.

Tukaamua kuyachoma, halafu tupige lipu ndani na nje ili anayekagua asione tofali. Tatizo likawa kuni. Mikaratusi ya kijiji ilikuwa imeshaahidiwa viwanda vya chai, ambavyo hukaushia majani kwa magogo. Miparachichi hakuna aliyekuwa tayari kuikata, kwa kuwa ndiyo inayosomesha watoto siku hizi. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, na sote tulijua haitatulia muda mrefu. Ndipo mjumbe mmoja akasema, kwa adabu, akitazama sakafu, kwamba chini kwa mwenyekiti kuna miti mikubwa.

Miti ile ilikuwa ya asili, imeizunguka chemchemi kama watu waliozunguka moto. Mama yangu aliitunza. Mke wangu alipoolewa, mama alimpeleka pale siku za mwanzo kabisa, akamwonyesha mahali pa kuweka ndoo na mahali pasipolimwa. Tangu wakati huo mke wangu ndiye aliyefyeka njia, akazibua majani yaliyoziba maji, na kila mti ulipoanguka kwa uzee alipanda mwingine. Nyumba nyingi za jirani ziliteka pale. Hata mwezi wa kumi, vijito vingine vinapobaki mawe matupu, ile ilitoa maji ya kujaza ndoo kabla hujamaliza salamu.

Jioni ile nilimkuta jikoni akimenya ndizi.

"Kamati imeomba kuni," nilisema. "Watapunguza matawi kule chini."

"Matawi?"

"Matawi tu, Mama."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kumenya. "Haya, Baba. Wasikanyage tu yale maji."

Nilikuwa nimeshakubali miti yote. Nilimdanganya kwa sababu nilijua akisema hapana nitalazimika kurudi kwenye benchi lile na kusema nimebadili mawazo, tena kwa sababu ya mwanamke. Aibu hiyo ndogo sikutaka kuibeba.

Chenso ilianza asubuhi, wakati yeye yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama. Aliporudi, aliisikia tangu juu barabarani. Hakukimbia. Alishuka polepole akiwa bado na kitambaa chake cha kwaya, akasimama kwenye ukingo wa shamba, akatazama. Mimi nilikuwa chini, katikati ya magogo, nikiwaelekeza vijana pa kupitishia. Nilimwona. Niligeuka upande mwingine nikaendelea kuelekeza. Nilipoinua macho tena, alikuwa ameondoka.

Fundi alikuja siku tuliyokuwa tunapanga tanuru. Alisema hatajenga kwa matofali yale. Nilimwambia akitaka aende, mafundi wako wengi. Akaomba vijana wamsaidie kupakia mashine, akanipa mkono, mkono wa pili ameshika kiwiko chake kama mtu anayemheshimu mzazi. "Ndaga, mzee," alisema, akinishukuru kwa Kinyakyusa chake cha mjini. Alisema kwa heshima ya kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Tanuru lilifuka moshi siku nyingi, maana kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulilala juu ya bonde, ukaingia nyumbani, ukakaa kwenye mablanketi. Mke wangu aliyafua yote.

Ukaguzi ulifanyika kuta zikiwa tayari zimepigwa lipu na kupakwa rangi. Mkaguzi alikuwa binti, umri wa mtoto wangu wa mwisho, viatu vyake vimejaa tope. Aliangalia madirisha, akaangalia mifereji, akapanda hata kwenye tangi. Kisha akafungua fomu yake.

"Kuta ni za tofali gani, mzee wangu?"

"La kushindiliwa."

"Fundi wa mashine alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Hilo la pili halikuwa uongo kamili, na nadhani ndiyo sababu nililisema kwa sauti nzuri. Aliandika. Hakugonga ukuta, hakuchimba lipu. Aliona mvi zangu akaamini. Nikasaini mahali pa mwenyekiti kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Niseme ukweli kuhusu wodi ile: imesimama vizuri. Haina ufa. Watoto wengi wamezaliwa humo, wakiwemo wawili wa ukoo wetu, na mama zao hawakubebwa kwenye machela kwenda barabarani. Wapo wanaoniambia hadi leo kwamba nilifanya kazi nzuri, kwamba mwongozo ule ulikuwa wa watu wa ofisini. Ni kweli ulikuja kama umeshuka kutoka mawinguni, bila mtu kuja kutuuliza tumeshafyatua nini. Lakini ulisema wazi kuhusu miti ya chanzo cha maji, na hilo halikuhitaji ofisi. Mama yangu alilijua bila kusoma. Mimi niliyesoma ndiye niliyelikunja mfukoni.

Kiangazi cha kwanza maji yalipungua. Tulisema ni mwaka mbaya. Kiangazi cha pili chemchemi ilibaki unyevu wa kuloanisha kisigino. Wanawake wa nyumba zetu wakaanza kushuka mtoni, kwenye korongo, njia ya mteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa kufikiri. Bomba la kijiji halijafika upande wetu. Nilipendekeza mimi nichote, na nilichota siku kadhaa, lakini kifua changu si cha kupanda mlima ule na ndoo. Mke wangu alinipokonya ndoo kwa namna ambayo mtu humpokonya mtoto kisu.

Aliteleza mwezi wa kumi, wakati wa vumbi. Ndoo ilimwangukia mguuni, na goti likageuka. Walimpandisha wanawake wenzake. Binti yetu aliyeolewa Kyimo alikuja akamchukua, kwa sababu kwake bomba liko uani.

"Nitakaa huko mpaka mguu upone," mke wangu aliniambia, akiwa tayari kwenye gari.

Nilihesabu ungepona kabla ya Krismasi. Krismasi ilipita. Baada ya Pasaka nilivaa koti langu zuri nikaenda kumchukua. Nilimkuta uani akifua, amesimama imara kwa miguu yote miwili, maji yanatiririka bombani mbele yake.

"Naona umepona," nilisema baada ya salamu.

"Nimepona, Baba."

"Basi twende nyumbani."

Alifunga bomba. Akakamua shati la mjukuu, akalikung'uta, akalianika kwanza.

"Nikateke wapi?"

Nilianza kusema habari za kuchimba kisima, za vijana wetu watakaotulipia bomba, za mimi kujifunza kuchota kwa ndoo ndogo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila hasira, "Ungeniambia ni miti yote, ningelia, halafu ningekusaidia kutafuta kuni kwingine. Ungeniambia tu."

Binti yetu aliniletea chai. Tulikunywa wote watatu, tukazungumzia mvua na bei ya parachichi, na ilipofika alasiri mke wangu alinisindikiza hadi barabarani, kama unavyomsindikiza mgeni. Tulifunga ndoa kanisani tukiwa vijana, na hatujawahi kugombana mbele ya watoto hadi leo. Hajaniacha kwa maneno yoyote. Hunitumia ndizi na maharage yaliyopikwa, na Jumapili nyingine nikienda Kyimo tunakaa benchi moja kanisani.

Lakini haishi tena nami. Sasa ni mwaka wa nne. Nililala ubavuni pa mke wangu kwa miaka arobaini na kitu, na uzee wangu huu namalizia peke yangu, kwa sababu nilikubali miti ikatwe na nikamwambia ni matawi.