Kulipima Gari la Makongeni

Gari likitii kila amri uliyoliandikia na bado lisifike, aliyekosea ni nani? Niliulizwa hivyo na mtoto wa darasa la saba huko Thika, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na digrii mpya ya fizikia.

Safari yenyewe ilitokana na kompyuta moja kuukuu. Idara yetu chuoni ilitaka kuitoa, na shule mbili ziliiomba. Mhadhiri wangu alinituma kwa ile ya Makongeni, iliyosema wanafunzi wake wameunda roboti, gari dogo linalojiendesha. "Ukiona ni maigizo, andika hivyo," aliniambia. "Itaenda kwa wale wengine." Nilikuwa nimeshakisia nitaandika nini. Shule zetu nilizijua: mwalimu huunda, mtoto hukariri, mgeni hupiga makofi.

Saa mbili asubuhi niliondoka chumba changu cha kupanga Kahawa Sukari. Ruiru nilimpitia Mwalimu Saida, mama wa makamo anayefundisha sayansi shuleni hapo, akiningoja na mfuko wa redio za kaseti zilizokufa.

"Fundi huniwekea maiti zake," alisema.

"Nani aliwaundia hilo gari?" nikamuuliza kabla salamu hazijaisha.

Akacheka. "Ngoja ufike, mama. Maswali hayaozi."

Saa nne tulikuwa Makongeni, mjini Thika. Gari lilikuwa kipande cha ubao chenye mota mbili za kaseti, moja kwa kila gurudumu. Juu yake mkebe wa maziwa ya unga ulizungushwa kwa mwendo uleule na mtambo wa saa ya ufunguo, huku nyaya mbili zikiukwaruza, kila moja ya mota yake. Palipobandikwa karatasi, umeme ulikatika na gurudumu la upande huo likasimama. Kukata karatasi ndiko kuliandikia gari amri.

Sikutaka njia waliyoizoea. Nikachora yangu kwa chaki: kupita kati ya madawati, kukata kushoto, kusimama mlangoni. Wasichana wawili, Wambui na Mariamu, wakakata karatasi, wakabandika, wakaliachilia. Gari likakata kushoto mapema na kugonga dawati.

Ripoti yangu ilikuwa tayari kichwani. Ndipo Mariamu aliponiuliza swali lile.

"Wacha kusumbua madam, uliza betri," Wambui akamkata. "Zimelala hizo." Akazitoa na kuzianika dirishani penye jua, kama tulivyofanya nyumbani kwa betri za redio.

Tukanywa chai. Nikaona nafasi yangu ya kuwanasa. "Sasa zitakuwa na nguvu zaidi. Si gari litatoka nje kabisa?"

"Ai, madam! Kwani tutalituma tu hivyo?" Mariamu alishangaa. "Kwanza tunaliuliza limeamkaje."

Wakaliendesha moja kwa moja, mzunguko mmoja wa mkebe, wakapima kwa rula na kuandika. Daftari lao lilikuwa limejaa vipimo kama hivyo: betri mpya, betri za jua, siku ya mvua. Mwalimu Saida hakuwemo hata darasani. Alikuwa nje akigombana na jiko.

"Nakata hapa," Wambui akasema.

"Hapo ni pengi! Wewe Wambui unakata kama nguo ya harusi."

Safari hii gari lilipita kati ya madawati, likakata kushoto, likasimama shibiri moja kabla ya mlango. Wambui alinuna kwa ajili ya shibiri ile. Aliyepiga makofi ni mimi peke yangu.

Jioni, tulipoagana Ruiru, Mwalimu Saida aliniuliza nitaandika nini.

"Kwamba walikosea mbele yangu, wakapima, wakajirekebisha. Mimi chuoni nilizoea kupinga tu, nikidhani huko ndiko kuuliza."

Kompyuta ikapelekwa Makongeni.

Miaka mingi baadaye, Mariamu mwenyewe alinieleza kwamba haikumaliza wiki kabla hawajaifungua. Ilikuwa na visomeo viwili vya diski, wakang'oa kimoja. Ndani yake mlikuwa na mota ambayo mwendo wake haufuati betri zimeamkaje: huenda kwa hatua, na kila hatua huhesabiwa.