Fungu la Wanaoumwa Kichwa

Swala ya adhuhuri imekwisha. Mwalimu Zahoro Mwinyimadi amepiga magoti barazani kwake, hapa Kurui, mbele ya mkeka uliojaa vipande vya karatasi. Anaokota kimoja, anakisoma kwa sauti, kisha anakiweka chini na kukikandamiza kwa gunzi la muhindi kisije kikapeperuka.

"'Asipokwenda kuamia ndege, mpunga utaliwa, na sisi tutakula nini?'" anasoma. "Hili linakwenda kwenye fungu la shamba."

Vipande hivyo ni maneno ya watu. Kila kimoja kina kauli ya mzazi wa Kurui, au wa Pangani upande wa Kibaha, kama alivyoitamka mwenyewe, bila kunyooshewa Kiswahili chake. Swali lilikuwa moja tu: kwa nini mabinti wanaacha shule?

Si uchunguzi wa kujifurahisha. Wakubwa wake wa kazi wamekwishamwambia kuwa darasa la wasichana analolifundisha litafungwa mwisho wa mwaka, asipoleta maelezo ya kuwaridhisha. Asubuhi mwandishi wa habari hizi alilitembelea darasa hilo. Madawati ni mengi, waliokaa ni wachache, na wote wadogo wadogo. Hata nafasi ya mbele, anapokaa Mboni, binti wa mwalimu mwenyewe, ilikuwa wazi.

"Kuita majina kunanionyesha nani hayupo," anasema Mwalimu Zahoro. "Kwa nini hayupo, hilo lazima umwendee mtu kwake, ukae, umsikilize, naye akupe anachotaka kukupa."

Anachotaka kukupa. Hapo ndipo alipojikwaa, na jeraha halijapona.

Mwaka jana aliifanya kazi hii kwa mara ya kwanza. Alipita nyumba hadi nyumba, akaandika, akapanga mafungu juu ya mkeka huu huu. Likatoka fungu la shamba, likatoka fungu la mwendo wa mbali. Lakini lililoyapita yote lilikuwa la ugonjwa, maana baba mmoja baada ya mwingine alimjibu vilevile: "Binti anaumwa kichwa, mwalimu."

Msomaji mwenye asili ya Uzaramo hapa ameshaguna. Huku kwetu binti akivunja ungo huwekwa ndani. Anakuwa mwali, haonwi na wanaume, anafundwa na wanawake mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma, na siku hiyo yaweza kuwa mbali. Jambo hilo halitajwi mbele ya mgeni, sembuse mgeni mwenye kalamu mkononi. Baba husema kichwa kinamwuma, muulizaji mwenye adabu hujibu "Mola atamwafu", na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Na Mwalimu Zahoro si mgeni. Amezaliwa hapa hapa.

"Nilipokuwa barazani kwao nilielewa vizuri kabisa," anasema. "Niliporudi kwenye mkeka nikawa mwalimu. Chuoni tulifundishwa tusiongeze letu, tuandike neno kama lilivyosemwa. Nikaona 'anaumwa', nikaliweka kwa wagonjwa. Ulimi haukunikwaza, kalamu ndiyo iliyonikwaza."

Mafungu yake akayachora kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani mbele ya mkutano wa walimu, Kisarawe. Wakubwa wakamsifu. Baadhi ya walimu wenzake walilijua kosa, ila nao adabu iliwafunga midomo. Walitazama viatu vyao.

Haukupita muda mrefu akaletwa dresa, msaidizi wa tabibu, na sanduku lake la dawa, kijana mwema wa bara asiyejua desturi za huku. Akaambiwa wagonjwa wako majumbani, akaenda majumbani. Kwa mzee mmoja alimkuta bibi peke yake. Bibi akamzuia mlangoni. Dresa akadhani wanaficha maradhi ya kuambukiza, akalisogeza pazia la chumba, akamwona mwali.

Mzee huyo tumwite Matano. Si jina lake. Amekubali kisa kisimuliwe, ila yeye wala binti yake wasitajwe.

Jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimejua. Posa iliyokwishapokelewa ikavunjwa. Ngoma haikupigwa. Binti akapelekwa kwa shangazi yake, karibu na Mlandizi, na tangu hapo wanaomtaja humtaja kwa sauti ya chini.

"Dresa simlaumu," anasema mwalimu. "Alitumwa na karatasi yangu." Anainua gunzi, analirudisha palepale.

Ndiyo maana mwaka huu amejiwekea sharti lisilomo katika mafundisho ya chuo. Neno la mtu haliendi Kisarawe kabla ya mwenyewe kusomewa mbele ya mkeka. Asiyeridhika alichukue lake.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, aliwaita. Wengi walikuja kuchukua. Wa shamba waliyaacha maneno yao, wa njia ndefu nao waliyaacha. Wale waliokuwa wamejikaza safari hii wakamwambia kweli, kwamba binti yuko ndani, waliokota vipande vyao kimoja kimoja.

Mzee Matano alikuja wa mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Miye nimefuata langu."

"Mzee wangu, la kwako ndilo lenye uzito. Wakilisikia hilo, huenda darasa wakaliacha."

"Mwaka jana pia ulichukua la kwangu," mzee alijibu. "Lilitoka hapa likiwa neno, likanirudia likiwa dresa. Nipe, mwanangu."

Mwalimu alimpa. Mzee akakitia kipande kile ndani ya kofia, akaivaa, akaenda zake. Kilichoandikwa humo mwalimu hakukisema, na mwandishi huyu hakukiuliza.

Sasa mkekani kuna gunzi moja, la fungu la walioko ndani, lisilokandamiza kitu. Ombi la Mwalimu Zahoro liko tayari: mwali asifutwe jina, apokelewe shuleni akitoka, na itafutwe mwalimu mwanamke wa kumsomesha huko huko ndani. Ni ombi zuri. Lakini nani atalisikiliza, ikiwa chini ya gunzi hakuna hata kauli moja ya kulishikilia?

"Wanasema mficha uchi hazai," anasema. "Kweli. Ila uchi wenyewe si wangu, nitaufunuaje?"

Uchungu umemkaa usoni, wala hajaribu kuuficha. Anajua darasa litafungwa. Amelianzisha mwenyewe, akabembeleza akina baba mmoja mmoja, na sasa analiona likimfia mikononi kwa sababu ya neno aliloliweka pasipo pake.

Mwandishi anaanza kuaga. Kwa adabu tu anauliza, "Na Mboni hajambo? Sikumwona darasani."

"Kichwa kinamwuma," anajibu mwalimu, upesi, kama wanavyojibu wote.

Kisha anasikia alichokisema. Anatazama mkeka. Polepole anachana kipande cha karatasi na kuishika kalamu.

"Baba Mboni, ngoja kwanza." Ni sauti ya mkewe, Biubwa, kutoka nyuma ya mlango. "Usiandike. Nitamwuliza mwenyewe."

Tunasikia nyayo zake zikienda ndani, kisha minong'ono. Mwalimu anangoja, kalamu juu ya karatasi. Tangu Mboni aingizwe ndani, hajamtia machoni.

Biubwa anarudi mlangoni. "Mwanao amekubali, nami nimekubali. Anasema uandike kuwa yuko ndani. Usiandike anaumwa, maana haumwi."

"Vyema."

"Na anauliza, siku atakayotoka, darasa atalikuta?"

Mwalimu Zahoro anaandika. Anaandika yote mawili, jibu na swali, anayasoma kwa sauti ili yasikike mpaka chumbani, kisha anakiweka kipande chini ya gunzi lililokuwa tupu. Kiko peke yake.

"Mama Mboni," anasema bila kugeuka, "mwambie Jumatatu nakwenda Kisarawe."

"Hilo silo aliloliuliza."

"Najua. Mwambie hivyo hivyo."