Mama Nzi na Wazee Wake wa Chupani

Asubuhi hii Mama Nzi anagonga chupa mezani, pa! Nzi wote waliomo wanaanguka chini. Anainama kuona nani atapanda.

"Haya wazee wangu, twende kazi!" anawahimiza.

Jina hilo la Mama Nzi amebandikwa na wenzake wa maabara, wala halimkeri. Kazi yake ni kuwapikia nzi uji wa mahindi na sukari, kuwahamishia chupa safi na kuwapima nguvu. Nzi kijana hupanda ukuta wa chupa mara moja. Mzee wa miezi miwili hubaki chini akijikongoja.

Bosi wake, mtafiti wa uzee, anaeleza kwamba ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyokatakata protini zilizoharibika. "Umri ukisogea vinalegea. Taka zinajazana, na seli za ubongo ndizo zinazoumia zaidi," anasema. Hapa baadhi ya nzi wameongezewa kimeng'enya kimoja, ionekane kama watazeeka na nguvu zao.

Mama Nzi ana sababu ya kuomba jibu liwe ndiyo. Nyumbani anamtunza mama yake mzazi, fundi cherehani wa zamani, ambaye sasa ana ugonjwa wa kusahau.

Hamu hiyo iliwahi kumponza. Aliwagonga taratibu nzi walioongezewa, wasianguke vibaya, nao wakapanda kwa fujo. Maabara nzima ikashangilia, mpaka yeye mwenyewe alipoungama.

"Niliwaonea huruma, jamani! Mkono ulijilegeza wenyewe," anasema akicheka. Tangu hapo bosi huficha alama za chupa zinazoonyesha nzi walioongezewa.

Leo basi Mama Nzi anagonga bila kujua zipi ni zipi. Katika chupa moja nzi wanahangaika chini. Katika nyingine wanapanda, wachache kwanza, kisha wengi. Bosi anabandua karatasi iliyofunika alama. Ndio hao walioongezewa!

"Ni nzi, dada, si watu. Safari bado ndefu," bosi anaonya, ingawa meno yote yako nje.

"Ndefu, lakini tumeshatoka nyumbani," anajibu.

Kila jioni mama yake humuuliza anafanya kazi gani, naye humjibu kwamba analisha nzi. Bibi huyo hucheka mpaka machozi: "Nzi? Kuna mtu analipwa alishe nzi?" Kesho yake huuliza tena, na kucheka vilevile.

"Nacheka naye, ila moyo unauma," anasema Mama Nzi akifunika chupa. "Nangoja siku moja tu anikatize, aniambie: 'Hebu nipishe na nzi wako, si ulinisimulia jana!'"