Sini ya Nyuzi Tatu

Naandika haya, na si kwa woga. Nina hasira.

Mtihani wa leo ndio unaoamua nani ataingia darasa la hesabu mwakani. Swali la pili: barabara inapanda kwa pembe ya nyuzi tatu, ukienda mita elfu, umepanda mita ngapi? Unatafuta sini ya nyuzi tatu kwenye majedwali, unazidisha, basi. Lakini kitabu cha majedwali ni kimoja kwa darasa zima, na huzunguka kuanzia madawati ya mbele. Sisi wawili tuliotoka kisiwa cha Nzwani, mimi wa Mutsamudu na mwenzangu wa Ouani, tunakaa nyuma kabisa. Kengele ililia hakijatufikia.

Tulikuwa tumeshajibu kwa kichwa. Kaka yangu, aliyesoma hapa Moroni kabla yetu, aliwahi kunakili ukurasa mmoja wa sini kwa mkono. Likizo nzima, kule nyumbani Mutsamudu, mimi na mwenzangu tuliuhifadhi kama tulivyohifadhi juzuu za Kurani chuoni, kwa sauti, tukiyumba. Nyuzi moja: sifuri nukta sifuri moja saba nne tano mbili. Nyuzi mbili: sifuri nukta sifuri tatu nne nane tisa tisa. Nyuzi tatu: sifuri nukta sifuri tano mbili tatu nane sita.

Katika hiyo ya mwisho, pale penye nane palitakiwa tatu. Kaka alikosea kunakili. Wote wawili tukaandika mita 52.386.

Alipokwisha kusahihisha, mwalimu wetu, Mfaransa, aliinua karatasi zetu. "Watu wawili, kosa moja. Nani kamwibia mwenzake?"

Mwenzangu akainama. Mimi, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani huona haya, nikasimama.

"Hatukuibiana, Mesye. Tumehifadhi."

"Haya, soma."

Nikasoma nyuzi moja hadi kumi, macho sakafuni. Kumbe nilikuwa nayumba.

"Wanzwani wameleta maulidi ya hesabu!" mmoja wa Moroni akapiga kelele. Darasa zima likacheka.

Mwalimu alifuata kwa kidole kitabuni. Zote sawa, isipokuwa ile ya tatu. Aliona kwamba nasema kweli. Nilimwona akiona.

"Kasuku," akasema. "Toa ya kwanza katika ya pili, kisha ya pili katika ya tatu. Hatua za sini hupungua kidogo kidogo; yako imeongezeka. Mwenye akili angegundua."

Hilo ndilo linaloniunguza, maana ni kweli. Kutoa tu! Likizo nzima nimeimba, sikutoa hata mara moja. Lakini wizi uko wapi hapo?

"Mesye, kitabu hakikufika nyuma."

"Nje!"

Nikiwa mlangoni nilimsikia mwenzangu akiomba msamaha kwa wizi ambao hakuufanya. Kapewa ruhusa ya kurudia mtihani. Mimi nina sifuri.

Baadaye alinifuata. "Si ungeomba radhi tu, ndugu yangu? Neno moja."

"Radhi ya nini?"

Akaondoka. Nilitaka kuandika kwamba yeye simkasirikii, lakini namkasirikia sana. Mwakani atakuwa darasa la hesabu. Mimi nitapelekwa la lugha, ambako kila siku mtu husimamishwa mbele azungumze.