Kidole Kilichokataliwa Mugunga

Kaa vizuri, msomaji wangu, maana kazi niliyokuwa nayo inataka kuelezwa polepole. Mtu akimaliza udaktari wa chuo kikuu na ajira ikakosekana, hupewa utafiti mwingine ili asirudi kwao kuwaaibisha wazazi. Wangu ulihusu maadili ya akili bandia katika jamii. Nilikaa Himbi, mtaa wa mjini wenye umeme na upepo wa ziwa, nikiandika juu ya haki. Kisha gari likanipeleka Mugunga, kambini kwa wakimbizi wa vita, nikaitazame haki yenyewe ikipanga foleni.

Shirika moja la misaada lilikuwa limeleta mashine kule. Unaweka kidole kwenye kioo, mashine inalinganisha mistari ya ngozi na picha iliyohifadhiwa, na ikikutambua unapewa unga na maharagwe. Ikikukataa migao mitatu, jina lako linafutwa. Rahisi, sivyo?

Mama mmoja mjane alikuwa amekataliwa mara mbili. Aliponda mawe ya volkano kuwa kokoto, na mawe yalikuwa yamemlamba vidole hadi vikawa laini kama kijiko. Alikuwa na watoto wanne. Mgao wa tatu ulikuwa Alhamisi. Mimi nilimfikia Jumanne, na fomu ya ridhaa ya kurasa tisa.

"Papa dokta," aliniuliza, "ulisoma miaka ngapi?"

"Ishirini na mitano, mama."

"Na bado hawajakuachilia?"

Majirani walicheka sana. Nikamsomea kurasa zote tisa: ana hiari, siri zake zitalindwa, anaweza kujitoa wakati wowote. Alisikiliza kwa adabu. Mwishoni nikamweleza kwamba asiyejua kuandika anatia alama ya kidole gumba.

Akakiinua, akanitazama. "Hiki hiki? Mashini inasema mimi si mutu. Wewe unataka kidole cha mutu gani?"

Sasa nikuambie lililonikera. Mwongozo wa shirika nilikuwa nimeusoma, na ukurasa mmoja ulisema wazi: mashine ikishindwa, jina linaandikwa kwa mkono, mbele ya majirani wawili. Kambini hakuna aliyeambiwa. Nikampigia simu profesa wangu ng'ambo.

"Usimwambie," alisema kwa upole. "Utaharibu data. Andika tu atakavyojisikia Alhamisi."

Nami, mtaalamu wa maadili, nilihitaji Jumatano nzima kulifikiria hilo.

Alhamisi mashine ilimkataa. Karani, macho kwenye skrini, akaita, "Mwingine!"

"Mama, usitoke," nilisema, nikafungua mwongozo mbele ya karani.

"Docteur, wewe uko hapa kuangalia."

"Nimeshaangalia. Soma hapa."

Akasoma, midomo ikicheza. Wanawake wawili walikuwa tayari wamejisogeza. "Huyu tunamujua," mmoja alisema. "Tulikimbia naye njia moja. Au unataka vidole vyetu vyote ishirini?"

Karani akaandika jina. Mama akabeba unga wake. Profesa aliniandikia kwamba nimepoteza data bora ya mradi, na aliyoyasema ni kweli.

Basi sikiliza. Mashine ikikukataa, usitoke kwenye foleni. Omba uandikwe kwa mkono, ita majirani wawili wanaokujua, na usiondoke mpaka uone kwa macho yako jina lako limeandikwa.