Folda Inayomtambua Mstaafu

Juzi nilipanga foleni ya vibali vya kusafirisha ng'ombe, katika ofisi moja huku kwetu Singida. Karani akabofya folda ya pamoja iliyo kwenye seva, kisha akatusomea jibu: "Huna ruhusa."

Fundi wa kompyuta akaja, akakuna kichwa. "Folda inamtambua mtu mmoja tu, yule mzee aliyestaafu mwaka jana."

"Si ndiye mimi hapa," akasema mzee mwenye fimbo, wa tatu kwenye foleni.

"Shikamoo, mzee! Pita ndani," karani akamwambia.

Akaketi, akaandika neno lake la siri, folda ikafunguka. Akatuandikia vibali sote, na chake pia, kisha akarudi dirishani kukipokea.

Karani akanyoosha mkono. "Kitambulisho, mzee."

Kompyuta, angalau, ilikuwa bado inamkumbuka.